Nilifunga kifuniko, nikaikuta ya moto: kwa nini kompyuta yenye Linux hailali, au ikilala haiamki

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nilinunua kompyuta mpakato ya mtumba iliyotoka Ulaya, prosesa ya Intel kizazi cha 11, RAM GB 16, diski ya SSD. Niliweka Ubuntu 24.04 kwa sababu sikutaka Windows iliyochakachuliwa. Inafanya kazi vizuri mno, na nikiitumia betri inakaa masaa matano hivi. Tatizo ni kulala. Nilisafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Morogoro, nikafunga tu kifuniko na kuitia kwenye begi ikiwa na asilimia 92. Safari ilichukua masaa matano na nusu. Nilipofika begi lilikuwa la moto, na betri imebaki asilimia 4. Siku nyingine nafungua kifuniko, kioo kinabaki cheusi, feni inazunguka, inabidi nishikilie kitufe cha kuwashia mpaka izime. Nimeshapoteza alama za kidato cha pili kwa njia hiyo. Fundi amesema betri imekufa. Rafiki amesema Linux haijui kulala, nirudi Windows. Nikatafuta mtandaoni nikakuta ushauri wa kuongeza mem_sleep_default=deep kwenye GRUB (programu inayoanzisha Linux). Nimeongeza, na sasa haiamki kabisa, kila mara kioo cheusi. Nifanye nini?"

Marahaba, mwalimu, na pole kwa alama za wanafunzi. Najua kazi ya kuzijaza upya ilivyo, hasa pale karatasi za mtihani zimesharudishwa kwa wenyewe.

Nianze na la usalama, mengine yatafuata. Kompyuta hiyo usiitie tena kwenye begi ikiwa imefungwa kifuniko tu. Mpaka tutakapomaliza kazi hii, ukisafiri izime kabisa. SSD inawasha Ubuntu haraka, hutapoteza muda wa maana. Kompyuta iliyo macho ndani ya begi lililofungwa haina pa kutolea joto, na joto huzeesha betri ya lithiamu haraka. Kwa hiyo fundi wako, hata kama leo hayuko sahihi, safari chache za namna hiyo zitamfanya awe sahihi.

Na leo hayuko sahihi. Hesabu zako mwenyewe zinamkataa. Umesema ukiitumia, betri inakaa kama saa tano. Ndani ya begi, muda wa saa tano na nusu, imekula asilimia 88. Maana yake kompyuta "iliyolala" imekula umeme karibu sawa na kompyuta inayofanya kazi. Tuchukulie betri yako inabeba saa-wati 50 (Wh 50), kiasi cha kawaida kwa mashine za aina hiyo: asilimia 88 ni Wh 44, ukigawa kwa saa tano na nusu unapata wati 8. Kompyuta iliyolala sawasawa hula chini ya wati 1. Ingelala kweli kwa nusu wati, ungefika Morogoro imepungua asilimia 6 hivi. Betri ilitoa ilichoombwa, na aliyeiomba ni mashine iliyokuwa macho gizani. Ukitaka kujihakikishia, andika amri hii kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

upower -i $(upower -e | grep BAT)

Linganisha mstari wa energy-full na ule wa energy-full-design. Wa kwanza ni kiasi betri inachoweza kubeba leo, wa pili ni kiasi ilichobeba ilipotoka kiwandani. Kwa mashine ya mtumba, kukuta imebaki na asilimia 75 au 80 ya uwezo wake ni jambo la kawaida, wala si sababu ya kutoa hela.

Sasa rafiki yako. "Linux haijui kulala" ni kauli iliyokuwa na ukweli zamani, lakini kwa mashine ya umri wa hii yako inaficha kisa chenyewe. Watu wenye Windows nao wanazikuta kompyuta zao za moto ndani ya mabegi, kwa sababu ile ile. Kisa chenyewe ni hiki, na naomba unisikilize kwa utulivu, maana ukikielewa utajua kwa nini dawa uliyoikuta mtandaoni imezidisha ugonjwa.

Kulala kwa kompyuta si kitu kimoja. Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walitoa utaratibu uitwao ACPI, unaoeleza mfumo endeshi na bodi ya kompyuta vizungumze vipi kuhusu umeme. Humo usingizi ulipewa madaraja. Tulilolizoea kwa miaka mingi linaitwa S3: prosesa inazimwa, diski inazimwa, Wi-Fi inazimwa, kinachobaki na umeme ni RAM tu, ili ikumbuke ulipoishia. Linux inaliita deep. Lipo pia S4, ambapo yaliyomo kwenye RAM yanaandikwa diskini, kisha mashine inazimwa kabisa.

Baadaye watengenezaji walitaka kompyuta ifanane na simu: uifunge, iendelee kupokea barua pepe, na ukiifungua iwake papo hapo. Windows 8 ya mwaka 2012 ilianza mtindo huo, na Windows 10 ya 2015 ikaueneza kwa jina la Modern Standby. Katika mtindo huu prosesa haizimwi. Kila kifaa kinaombwa kitulie chenyewe, na vyote vikishatulia prosesa inashuka hadi kwenye hali ya kula umeme kidogo mno. Linux inauita s2idle. Kufikia kizazi cha 11 cha Intel, kilichoanza kuuzwa mwaka 2020, kompyuta nyingi zilikuwa zinatoka kiwandani zimetengenezwa kwa ajili ya mtindo huu pekee, na S3 imeondolewa au imeachwa bila mtu kuijaribu.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi na LUKU moja. Usingizi wa S3 ni mwenye nyumba kushusha swichi kuu: apende asipende, kila mpangaji yuko gizani, na uniti haziendi. Usingizi wa s2idle ni mwenye nyumba kupita mlango kwa mlango akiomba kila mtu azime vyake. Wakikubali wote kumi, mita inakaribia kusimama. Mmoja akiacha pasi kwenye umeme, uniti zinakimbia usiku kucha, na ukitazama kutoka nje nyumba yote ni giza. Kompyuta yako ndani ya begi ilikuwa nyumba hiyo. Kuna mpangaji ameacha pasi.

Na hapa ndipo mem_sleep_default=deep ilipokosea. Amri hiyo inailazimisha Linux itumie swichi kuu. Kama bodi yako isingekuwa na S3 kabisa, maneno hayo yasingebadilisha chochote, mashine ingeendelea na s2idle yake. Lakini wewe umeona mabadiliko: zamani ilikuwa inagoma siku moja moja, sasa inagoma kila siku. Kwa hiyo BIOS yako, yaani programu iliyomo ndani ya bodi yenyewe, inaorodhesha S3, ila njia ya kurudi kutoka huko ni mbovu. Kuamka kutoka S3 ni kazi nzito kuliko watu wanavyodhani. Prosesa inaanza kama imewashwa upya, BIOS ndiyo inayotangulia kufanya kazi, inaandaa bodi, kisha inaikabidhi Linux mashine ili kila draiva (programu inayoendesha kifaa) iamshe kifaa chake. BIOS ikikosea hatua moja hapo mwanzoni, Linux haipati hata nafasi ya kuandika kosa lilipotokea. Ndiyo maana unaona kioo cheusi tu.

Simlaumu aliyeandika ushauri ule. Kwake ulifanya kazi, na kwa mashine nyingi za kabla ya 2020 ndiyo dawa yenyewe. Kosa ni kunywa dawa ya jirani kabla ya kupima.

Basi tuirudishe mashine ilipokuwa. Fungua faili kwa sudo nano /etc/default/grub, tafuta mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, futa maneno mem_sleep_default=deep tu ukiacha mengine yalivyo, hifadhi, kisha sudo update-grub na uwashe upya. Ikishawaka, andika:

cat /sys/power/mem_sleep

Utaona s2idle na deep kwenye mstari mmoja, na lenye mabano ya mraba ndilo linalotumika. Mabano yawe kwenye s2idle.

Kabla hujaendelea, ingia kwenye BIOS mara moja uangalie sehemu ya umeme. Baadhi ya ThinkPad, kwa mfano, zina chaguo liitwalo Sleep State lenye majibu mawili, Windows 10 na Linux. Ukichagua Linux, bodi inaandaa S3 ipasavyo, na hapo deep inafanya kazi bila ugomvi. Ukilikuta chaguo la namna hiyo kwenye mashine yako, lijaribu kwanza, maana huenda kazi ikaishia hapo. Usipolikuta, tuendelee na s2idle, na lengo letu sasa ni kumtafuta mpangaji mwenye pasi.

Weka kompyuta mezani, hifadhi kila kitu, ng'oa vyote vilivyochomekwa: flashi, kadi ya SD, kile kidude cha mausi isiyo na waya. Hicho kidude usikidharau. Nimewahi kuhangaika wiki nzima na kompyuta ya mtu iliyokuwa inaamka kila baada ya dakika chache, nikabadilisha mipangilio ya kila aina, kumbe kila meza ilipotikiswa mausi ilituma ishara na mashine inaitika. Funga kifuniko, subiri dakika kumi kwa saa ya ukutani, fungua. Kisha:

journalctl -b -k | grep "PM: suspend"

Ikiwa imegoma na umelazimika kuizima, tumia -b -1 badala ya -b, ili usome kumbukumbu za kuwashwa kulikotangulia. Unachotafuta ni mistari miwili: PM: suspend entry (s2idle), yaani imeingia kulala, na PM: suspend exit, yaani imetoka. Mistari hii inatenganisha magonjwa manne ambayo kwa macho yanafanana.

Ikiwa hakuna entry kabisa, kompyuta haikujaribu hata kulala. Kufunga kifuniko hakuzimi kitu moja kwa moja. Kihisi cha kifuniko kinatoa taarifa, systemd-logind (sehemu ya mfumo inayosimamia kifuniko na kulala) inaipokea, inaangalia kama kuna programu iliyoomba isisumbuliwe, ndipo inaanza kulaza. Amri ya systemd-inhibit --list inakuonyesha nani ameweka pingamizi. Ukichomeka projekta ya darasani, Ubuntu inachukulia kuwa unaendelea na kazi, kwa hiyo ukifunga kifuniko haitalala. Walimu wengi wanakamatwa hapo: wanafunga mashine ikiwa bado kwenye projekta, wanachomoa waya, wanaitia kwenye begi.

Ikiwa entry na exit zimefuatana kwa sekunde au dakika chache wakati kifuniko bado kimefungwa, imelala lakini kuna kinachoiamsha. Tazama cat /proc/acpi/wakeup. Ni orodha ya vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha, kila kimoja na neno enabled au disabled. XHC ni USB, LID ni kifuniko. Kuiondolea USB ruhusa:

echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup

Jina liandike kama lilivyo kwenye orodha yako, maana bodi hutofautiana. Amri hii ni ya kugeuza: ukiirudia inarudisha ruhusa. Na inafutika ukiwasha upya, jambo ambalo kwa sasa ni zuri, kwa sababu ukikosea hakuna hasara. Usiondoe kila kitu kwa pupa ukajikuta huna pa kuiamshia.

Ikiwa entry ni pale ulipofunga na exit ni pale ulipofungua, dakika kumi zote, na bado ni ya moto, basi mpangaji mwenye pasi yumo ndani. Kwa maelezo yako, hapa ndipo nadhani ulipo. Kwa mashine za Intel kuna kipimo kisichodanganya:

sudo cat /sys/kernel/debug/pmc_core/slp_s0_residency_usec

Nambari inayotoka ni muda, kwa sehemu ya milioni ya sekunde, ambao mashine nzima imekaa kwenye usingizi wa ndani kabisa tangu ilipowashwa. Isome kabla ya kulaza, laza dakika tano, isome tena. Dakika tano ni 300,000,000. Ikiongezeka karibu kiasi hicho, usingizi ni wa kweli. Isipoongezeka hata kidogo, kuna kifaa kimekataa kutulia na prosesa imebaki juu inakingoja.

Dawa ya hapa si amri moja, ni kuondoa watuhumiwa mmoja mmoja na kusoma nambari ile kila mara. Ningeanza na BIOS, kwa sababu mashine za mtumba mara nyingi zimebaki na toleo la siku zilipotoka kiwandani, na makosa mengi ya usingizi yalirekebishwa baadaye. Ubuntu inaweza kuisasisha yenyewe kwa fwupdmgr refresh kisha fwupdmgr update, ikiwa mtengenezaji ameweka faili zake huko. Chomeka chaja, betri iwe imejaa, usiiguse mpaka imalize. Umeme wa ukutani ukikatika katikati, betri ndiyo itakayoiokoa, kwa hiyo kazi hii usiifanye kwa betri ya asilimia 20.

Baada ya BIOS, kerneli (kiini cha Linux) mpya zaidi: sudo apt install linux-generic-hwe-24.04. Ubuntu 24.04 ilitoka Aprili 2024 na kerneli 6.8, na kifurushi hiki kinakupatia zilizofuata bila kubadilisha mfumo wote. Kisha jaribu bila Wi-Fi: sudo modprobe -r iwlmvm iwlwifi, laza, amsha, soma nambari, irudishe kwa sudo modprobe iwlwifi. Nambari ikipanda siku hiyo tu, umempata. Unaweza kuweka kiprogramu kifupi ndani ya /usr/lib/systemd/system-sleep/ cha kuitoa draiva hiyo kabla ya kulala na kuirudisha baada ya kuamka. Systemd hukipa kiprogramu hicho neno pre wakati wa kulala na post wakati wa kuamka. Ni kiraka, lakini ni kiraka kinachodumu.

Ugonjwa wa nne ni entry bila exit: imeingia haikutoka. Ni zile siku zako za kioo cheusi kabla ya kuweka deep. Kwanza ujue kilichokufa ni nini. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima unavyobonyeza, kerneli iko hai, kilichoshindwa kuamka ni kioo au draiva ya michoro. Jaribu Ctrl+Alt+F3, wakati mwingine inakutoa hapo ukaweza kuhifadhi kazi. Taa isipojibu kitu, mashine imeganda kweli.

Hata hapo usikimbilie kitufe cha kuwashia. Shikilia Alt pamoja na SysRq (kwenye kompyuta nyingi ni kitufe kile kile cha PrtSc, pengine ukiongeza Fn), kisha bonyeza S, subiri kidogo, U, subiri, B. S inaandika diskini yaliyokuwa yanasubiri, U inafunga mafaili kwa usalama, B inawasha upya. Ubuntu imeziruhusu hizo tatu tangu mwanzo. Haitaokoa alama ambazo hukuwa umezihifadhi, lakini italinda zilizopo. Na kwenye LibreOffice, punguza muda wa kujihifadhi uwe dakika mbili. Fanya leo.

Kumjua aliyeigandisha kuna njia nzuri ambayo wengi hawaijui. Kerneli inaweza kufanya mazoezi ya kulala, ikaishia katikati, ikangoja sekunde tano na kurudi yenyewe:

echo freezer | sudo tee /sys/power/pm_test
echo freeze | sudo tee /sys/power/state

Freezer inagandisha programu tu. Ikirudi salama, rudia mistari yote miwili, kwenye wa kwanza ukiweka devices, ambayo inalaza vifaa vyote, kisha tena ukiweka platform. Ikigoma kwenye devices, mkosaji ni draiva, na unaanza kuzitoa moja moja kama ulivyofanya kwa Wi-Fi. Ikipita zote tatu na bado inagoma ikilala kweli, shuku BIOS. Ukimaliza usisahau echo none | sudo tee /sys/power/pm_test, la sivyo kila ukiilaza itaamka baada ya sekunde tano na utadhani umeharibu kitu.

Kwa wasomaji wenye kadi ya NVIDIA, kioo cheusi mara nyingi kina maelezo yake: kumbukumbu ya kadi inapotea wakati wa kulala. Hakikisha sevisi za nvidia-suspend na nvidia-resume zimewashwa, na draiva imepewa chaguo la NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1. Wewe mwalimu hukutaja kadi hiyo, kwa hiyo lipite.

Utaniuliza: je, nikipima vyote nisimpate? Inatokea, na sitakuficha. Kuna bodi ambazo s2idle yake haitakuwa nzuri kamwe. Hapo una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kulala diskini, ile S4. Haili umeme hata kidogo na haijali begi. Lakini Ubuntu haikupangii tangu mwanzo: inataka swap (sehemu ya diski inayotumika kama nyongeza ya RAM) yenye nafasi ya kubeba yaliyomo kwenye RAM, yaani kwa mashine yako tenga GB 16 au zaidi, na kerneli iambiwe swap hiyo iko wapi kwa neno resume. Tena Secure Boot (ulinzi wa BIOS unaokubali tu mfumo uliosainiwa) ikiwa imewashwa, kerneli ya Ubuntu inakataa kulala diskini kwa sababu za usalama, hivyo lazima uchague kimoja. Ikishafanya kazi, systemd inaweza kuchanganya vyote: suspend-then-hibernate hulala kawaida kwanza, na baada ya muda uliouweka kwa HibernateDelaySec kwenye /etc/systemd/sleep.conf inahamia diskini yenyewe. Kwa anayefungua na kufunga mara nyingi mchana, huo ni mpangilio mzuri.

Njia ya pili ni kuzima. Kwa mwalimu anayesafiri mara moja kwa mwezi, binafsi ningechagua hii na kuiachia s2idle kazi ya mezani, kati ya kipindi na kipindi. Kupanga S4 kunachukua jioni nzima, na ukikosea neno la resume utatumia jioni ya pili.

Kurudi Windows nisingekushauri kwa sababu hii pekee. Bodi ni ile ile, na tabia ya Modern Standby ni ile ile. Ukitaka kuhakikisha kama lawama ni ya Ubuntu yako au ya mashine, choma toleo jipya la Fedora au la Ubuntu kwenye flashi, iwashe kutoka humo bila kusakinisha, ulaze na kuamsha mara kumi. Hapa flashi itabaki imechomekwa, kwa hiyo usipime umeme, pima kuamka tu. Ikiamka mara zote kumi, tatizo liko kwenye mipangilio au kerneli yako, nalo linatibika nyumbani.

Yapo mambo ambayo terminali haiwezi, na hapo nenda kwa fundi ana kwa ana. Kibodi au kiguso kikianza kuinuka, au sehemu ya chini ikiyumba mezani wakati zamani ililala sawa, betri imevimba. Izime, usiichaji, usiibonyeze irudi, mpelekee fundi siku hiyo hiyo. BIOS ikiomba nenosiri usilolijua, mashine ilikuwa ya ofisi fulani huko ilikotoka na haikufunguliwa kabla ya kuuzwa. Mrudishie muuzaji, maana bila hilo huwezi kubadilisha Sleep State, na huenda hata kusasisha BIOS kukashindikana. Na ikiwa inajizima ghafla ukiwa unaitumia, si kwenye kulala tu, hiyo ni habari ya feni, vumbi au bodi, na inahitaji kufunguliwa.

Anza na GRUB, kisha BIOS, kisha nambari ya slp_s0_residency_usec kabla na baada ya dakika tano. Niandikie nambari hizo mbili pamoja na mistari ya PM: suspend. Kwa hizo nitajua kama tunamtafuta mpangaji mwenye pasi au mtu anayegonga mlango usiku.